Makongamano ya Ekaristi ya Kimataifa: nani analipa, na nini kinabaki

Septemba 2024, Kongamano la 53 la Ekaristi la Kimataifa, yaani mkusanyiko wa Wakatoliki wa dunia nzima mbele ya Ekaristi, lilipofungwa mjini Quito, Ecuador, waamini walitangaziwa kwamba la 54 litafanyika Sydney, Australia, mwaka 2028. Sydney iliwahi kuwa mwenyeji mwaka 1928, hivyo itakuwa inatimiza miaka mia. Wakatoliki wa Afrika wana hesabu yao nyingine. Tangu makongamano haya yaanze mwaka 1881, mawili tu yamefanyika katika ardhi ya bara hili: Carthage, nchini Tunisia, mwaka 1930, na Nairobi mwaka 1985. Sydney itakapofungua milango, Nairobi itakuwa na miaka 43 nyuma yake. Na hapo takwimu za Vatican za mwaka 2023 zinasema Afrika ina Wakatoliki milioni 281, yaani mmoja katika kila watano duniani.

Ni rahisi kuuliza zamu yetu iko wapi. Mimi sina haraka ya kuidai. Kuandaa kongamano hili ni heshima inayokuja na ankara, na historia yake inaonyesha kwamba heshima hiyo imewahi kutumiwa vizuri sana na imewahi kutumiwa vibaya sana. Tofauti, kwa maoni yangu, imetokana na kama waandaaji walilitimiza sharti moja ambalo Kanisa lilijiwekea lenyewe na ambalo husahaulika kila mara.

Tuanze na aliyeanzisha, maana jina lake halitajwi sana. Émilie Tamisier alikuwa mwanamke mlei wa Ufaransa aliyeguswa na mafundisho ya Mtakatifu Petro Juliani Eymard kuhusu kuabudu Sakramenti Kuu. Alizunguka kwa miaka akiwaomba maaskofu na walei wenye uwezo wakubali wazo la kuwakusanya waamini hadharani mbele ya Ekaristi, wakati ambapo serikali za Ulaya zilikuwa zikiisukuma dini nje ya maisha ya umma. Papa Leo XIII akalibariki, na Juni 1881 kongamano la kwanza likafanyika Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Ukitazama picha za makongamano yaliyofuata, utaona safu na safu za kofia za maaskofu. Wanawake wako chini, kwenye umati.

Kamati ya kudumu iliyozaliwa pamoja na makongamano hayo leo ni Kamati ya Kipapa ya Makongamano ya Ekaristi ya Kimataifa, jina ililopewa na Yohane Paulo II mwaka 1986 alipoidhinisha katiba yake mpya. Kazi yake iko hivi. Papa ndiye anayechagua mji, baada ya askofu wa mahali kuomba. Mabaraza ya Maaskofu huteua wajumbe wa kitaifa ambao hufanya kazi na Kamati. Kaulimbiu hupitishwa, kisha huandikwa matini ya msingi ya kitaalimungu ambayo majimbo huitumia kwa katekesi kwa mwaka mzima au zaidi. Kabla ya wiki yenyewe huwa na kongamano dogo la wanataalimungu. Halafu huja siku za Misa, mafundisho, shuhuda, maungamo, kuabudu na maandamano ya Ekaristi, na mwisho wake ni Misa kuu iitwayo Statio Orbis, anayoiongoza Papa mwenyewe au mjumbe wake maalumu.

Roma hutoa baraka na mwongozo, lakini viwanja, usafiri, ulinzi, malazi ya mahujaji na sehemu kubwa ya fedha humwangukia mwenyeji. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni akishaondoka, mwenyeji hubaki na hesabu.

Wanaoyatetea makongamano wana hoja nzito, na sidhani inafaa kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba yamewahi kubadilisha kweli namna watu wanavyosali. Mwishoni mwa karne ya 19, Mkatoliki wa kawaida alipokea Komunyo mara chache mno kwa mwaka, na mtoto alisubiri hadi awe mkubwa. Watu wa makongamano walipigania Komunyo ya mara kwa mara, na Pius X akaipa nguvu ya sheria: mwaka 1905 akahimiza Komunyo ya kila siku kwa mwenye nia njema, na mwaka 1910 akawafungulia watoto wenye umri wa kupambanua. Mtoto wa darasa la pili au la tatu anayevaa nguo nyeupe kwa Komunyo ya kwanza leo Bukoba au Machakos anafaidi matunda ya harakati hiyo.

Ya pili ni ujasiri wa waliokuwa wachache. London, mwaka 1908, serikali ya Waziri Mkuu Asquith iliingilia kati ili Ekaristi isibebwe barabarani. Maandamano yakafanyika bila Ekaristi, na baraka ikatolewa kutoka roshani ya Kanisa Kuu la Westminster. Kwa Wakatoliki wa Uingereza, waliozoea kuishi kwa kujibanza, kuonekana tu lilikuwa jambo kubwa. Bombay, mwaka 1964, ilikuwa hivyohivyo: Paulo VI alikwenda India, nchi ambako Wakristo ni wachache na kuja kwake kulipingwa na baadhi ya makundi ya Kihindu, akatumia nafasi hiyo kuyasihi mataifa yatenge sehemu ya fedha za silaha kwa ajili ya mfuko wa maskini. Gari alilotumia akamwachia Mama Teresa, naye akalitia kwenye bahati nasibu akapata fedha za kituo cha wenye ukoma.

Nairobi pia inastahili sifa zake. Kaulimbiu ya 1985 ilikuwa Ekaristi na familia ya Kikristo, na Kardinali Maurice Otunga alikuwa mwenyeji. Yohane Paulo II alifika akitokea safari iliyompitisha Kinshasa, ambako tarehe 15 Agosti alimtangaza Anuarite Nengapeta kuwa mwenyeheri. Tarehe 18 Agosti akaongoza Statio Orbis katika bustani ya Uhuru, na siku hiyohiyo akakifungua rasmi Chuo cha Juu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, ambacho leo ni chuo kikuu. Chuo hicho hakikuzaliwa na kongamano. Kilikuwa mradi wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, na kilikuwa kimeshaanza masomo mwaka mmoja kabla. Ila watu wengi waliokwenda kumwona Papa waliondoka wakijua kwamba kipo, na kwamba ni chao.

Sasa upande wa pili. Carthage 1930 ni doa ambalo mtu hawezi kulipitia kwa haraka. Tunisia ilikuwa chini ya Ufaransa, na mwaka huo Wafaransa walikuwa wakisherehekea miaka mia ya kuivamia Algeria. Katika nchi ya Waislamu, vijana walipitishwa barabarani wamevaa kama wapiganaji wa Vita vya Msalaba, na sehemu ya gharama ililipwa na hazina ya serikali ya kikoloni, ambayo ilijazwa na kodi za Watunisia wenyewe. Vijana wa mji waliandamana kupinga. Habib Bourguiba, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo, alilihesabu tukio hilo kati ya mambo yaliyoamsha uzalendo wake. Ekaristi ilibebwa kwa heshima zote, lakini mtazamaji wa kando ya barabara aliona bendera ya mtawala.

Budapest 1938 inauma zaidi. Kaulimbiu ilikuwa Ekaristi, kifungo cha upendo. Kardinali Pacelli, aliyekuja kuwa Pius XII, alikuwa mjumbe wa Papa. Kongamano lilifanyika kuanzia tarehe 25 hadi 30 Mei, na tarehe 29 Mei sheria ya kwanza ya Hungaria ya kuwabana Wayahudi katika kazi na biashara ikachapishwa rasmi. Bungeni ilikuwa imepita kwa kura za viongozi wa Kanisa pia, akiwemo mkuu wa maaskofu wa nchi hiyo. Hitler naye aliwazuia Wajerumani na Waaustria wasihudhurie, kwa hiyo kongamano halikuwa mshirika wa Wanazi, na ni haki kulisema hilo. Bado, umati uliimba upendo katika mji ambao jirani yake Myahudi alikuwa anafungiwa riziki wiki hiyohiyo. Papa Francis alipokwenda Budapest kufunga kongamano la 2021, alikutana kwanza na viongozi wa Wayahudi na makanisa mengine na kuonya juu ya chuki dhidi ya Wayahudi ambayo bado inanyemelea Ulaya.

Dublin, Ireland, ndiyo inayowasumbua zaidi wanaoamini katika wingi wa watu. Mwaka 1932 watu wanaokadiriwa kufika milioni moja walijaa Phoenix Park, katika nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni tatu. Miaka 80 baadaye kongamano likarudi, na Misa ya kufunga ikafanyika katika uwanja wa Croke Park mbele ya watu kati ya 75,000 na 80,000. Kati ya tarehe hizo mbili yalikuwa yamefichuka mateso waliyoyapata watoto mikononi mwa mapadre na watawa, na jinsi maaskofu walivyoyafunika. Benedikto XVI, katika ujumbe aliourekodi kwa ajili ya siku hiyo, alikiri kwamba ni fumbo jinsi watu waliokuwa wakipokea Mwili wa Bwana mara kwa mara walivyoweza kutenda hayo. Wanaoyapinga makongamano husema hapo ndipo hoja inapoishia: umati ule wa 1932 haukuzuia chochote. Mimi naona hoja hiyo inapita kiasi, kwa sababu hakuna Misa iliyowahi kuahidi kufanya kazi ya polisi. Ila inatosha kumnyamazisha yeyote anayetaka kupima mafanikio kwa kuhesabu vichwa.

Basi tupime kwa nini? Jibu liko katika kitabu cha ibada kilichotolewa na Roma mwaka 1973 kuhusu Komunyo na kuabudu Ekaristi nje ya Misa. Humo makongamano yamepewa mambo matatu ya kuandaa: katekesi ya kina kuhusu Ekaristi, kushiriki liturujia kwa bidii zaidi, na kuchunguza na kuanzisha kazi za kijamii kwa maendeleo ya watu na mgawanyo wa haki wa mali, zikiwemo mali za dunia hii. La kwanza na la pili hutimizwa, mara nyingi vizuri. La tatu hutegemea bahati.

Philadelphia 1976 ilikuwa na bahati hiyo. Kaulimbiu yake ilihusu njaa za familia ya binadamu, na katika maandalizi ilichukuliwa kampeni ndogo iliyoanzia jimbo la Allentown mwaka mmoja kabla: familia zipunguze chakula wakati wa Kwaresima na kuweka fedha zilizookolewa kwenye kisanduku cha karatasi. Kampeni hiyo ikawa ya shirika la misaada la maaskofu wa Marekani, CRS, na ipo hadi leo. Sehemu kubwa ya fedha zake huvuka bahari, na CRS ni jina linalojulikana katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki. Kongamano hilohilo liliruhusu pia karipio. Dorothy Day, mlei wa Marekani aliyetetea maskini na amani, akizungumza tarehe 6 Agosti, aliwakumbusha waandaaji kwamba walikuwa wameweka Misa ya wanajeshi katika siku ya kumbukumbu ya bomu la Hiroshima. Linganisha na Cebu, Ufilipino, mwaka 2016, ambako ulijengwa ukumbi mkubwa mahsusi kwa ajili ya kongamano, ukumbi ambao uliendelea kutumika kwa mikutano. Cebu ilifanya mema mengine. Lakini ukumbi wa mikutano ni jibu dhaifu kwa sharti la tatu.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye suala la zamu yetu. Anayejua parokia zetu za vijijini anajua kwamba padre ana vigango vingi kuliko Jumapili za mwezi. Jumapili nyingi katekista ndiye anayeongoza Ibada ya Neno, na Komunyo ikiwepo ni ile iliyohifadhiwa tangu padre alipopita mara ya mwisho. Kwingine ni vibaya zaidi: hati ya mwisho ya Sinodi ya Amazonia ya 2019, mkutano wa maaskofu kuhusu eneo hilo la misitu la Amerika Kusini, ilikiri kwamba zipo jumuiya zinazokaa miezi, hata miaka, bila padre kuwaadhimishia Misa. Ecuador yenyewe ina sehemu ya Amazonia. Kuiheshimu Ekaristi mjini kwa wiki moja, huku kijijini watu wakiikosa mwaka mzima, ni swali ambalo kaulimbiu nzuri hailijibu.

Watetezi watasema kongamano halisababishi uhaba wa mapadre, na huenda hata likaamsha miito. Wako sahihi. Lakini fedha na nguvu za jimbo zina kikomo. Michango ya waamini inayokusanywa Jumuiya kwa Jumuiya kwa ajili ya tukio moja haitakusanywa tena mwaka huohuo kwa ajili ya posho ya makatekista au pikipiki ya padre wa vigango.

Kwa hiyo ningependa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam au Kinshasa iombe kongamano siku moja, lakini iombe kwa masharti. Maombi yaje na kazi ya kijamii iliyotajwa kwa jina, yenye bajeti yake kando na ya wiki ya sherehe. Misa kuu ifanyike kwenye viwanja vilivyopo. Sehemu ya mahujaji wa nje wapelekwe kukaa siku mbili vigangoni, wamsikilize katekista akiongoza ibada, badala ya wote kubaki mji mkuu. Na Kamati ya Kipapa, ambayo tayari inajua kudai matini ya msingi kwa wakati, idai pia taarifa: kila mwenyeji, katika kongamano linalofuata, aeleze kile alichoahidi chini ya sharti la tatu na hali yake baada ya miaka minne. Wajumbe wa kitaifa wapo, hivyo hakuna ofisi mpya ya kuunda. Utaratibu huo ukikubaliwa sasa, Quito ndiyo itakayokuwa ya kwanza kusimama Sydney mwaka 2028 na kutoa hesabu yake.