Siku nilipolifukizia gari ubani

Taa ya injini ilikuwa na wiki mbili imewaka kwenye dashibodi, imenikodolea jicho la manjano kama mdai. Kila nikiegesha juani petroli inanuka, na jua la Malindi mwezi wa pili walijua. Fundi akachomeka mashine yake ya kusomea, ikaandika P0455.

"Mvuke wa tangi unavuja, tena pakubwa. Niachie nilitie moshi. Utakapotokea ndipo palipovuja."

Kisha akataja bei ya huo moshi.

Mimi ninunue moshi? Nami nimeoa nyumba ambayo Alhamisi jioni haipiti bila udi?

Jumamosi asubuhi nikaazima chetezo cha mama mkwe. Kuazima ni namna ya kusema tu. Yeye alikuwa amelala. Makaa matatu, ubani kiganja kizima, juu yake nikafudikiza ndoo ya bati niliyoitoboa tundu mbili. Tundu moja pampu ya baiskeli, la pili mpira wa kumwagilia maua, na mwisho wa mpira nikauchomeka kwenye kibomba kinachotoka injini kwenda tangini, nikaukaza kwa kipande cha tyubu. Chetezo nilikiweka mbali, karibu na kisima, nikajiona mwenye akili. Fundi aliposikia baadaye alishika kichwa: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini mpaka ulifikie kaa la moto. Kumbe nami nilikuwa nimeutandikia mpira, uje bila kupotea njia.

Nikapiga pampu. Kimya. Nikapiga tena, jasho likanitiririka mpaka kwenye shuka ya kiunoni. Mara chini ya gari, nyuma karibu na gurudumu, kiuzi cha moshi kikajinyonganyonga kutoka kwenye kibomba kidogo. Harufu ya ubani tele.

"Nimekupata!" nikapiga kelele, nikajitia uvunguni na silikoni mkononi. Nikakishindilia kile kibomba kwa kidole gumba, nikakipaka tena juu, nikakipapasa kama mtu anayefunika kaburi.

Nilipotoka, mzee jirani alikuwa amesimama ukutani, na nyuma yake watoto kama kumi.

"Mwanangu, lina nini?"

"Mvuke tu, Mzee. Naulizia unapotokea."

Akaangalia chetezo, akaangalia gari, akateremsha sauti. "Umeshamjua ni wa wapi?"

"Nani?"

"Pepo."

"Mzee, hili ni gari, limetoka Japani."

"Hapo pagumu," akasema, kwa huruma ya kweli. "Angekuwa Mtaliani, Malindi hii tungempata wa kumsemesha."

Alasiri tulikuwa na harusi Mambrui. Mke wangu kavaa, mama mkwe kakaa nyuma na sinia la vitumbua magotini, mimi na kanzu iliyopigwa pasi. Tukapita kituoni kujaza. Kijana akatia mdomo wa pampu: tak! Ikajikata. Akajaribu tena: tak! Hata lita haijaingia. Foleni nyuma yetu ikaanza kupiga honi. Nikashuka kumwonyesha kijana kazi yake, nikaikamata pampu mwenyewe nikaiminya kwa nguvu. Petroli ikapanda kooni mwa tangi ikanitemea, kuanzia kifuani mpaka magotini.

"Mzee, nani ameliziba pua gari hili?" Kijana alikuwa amechutama, anachungulia silikoni yangu.

Kile kibomba ndicho pua yake. Mvuke wa tangi hupita kwenye kopo la mkaa, mkaa ukainywa petroli, hewa tupu ikatoka pale. Njia hiyo iko wazi saa zote, hufungwa na valvu pale tu kompyuta inapojipima. Kwa hiyo moshi niliouona haukuwa uvujaji. Lilikuwa gari zima, lenye afya, linapumua ubani wa mama mkwe. Nikaliziba. Petroli inaingia, hewa haina pa kutokea, pampu inajikata.

Kijana akabandua silikoni kwa bisibisi, kisha akaugeuza mfuniko wa tangi kiganjani. Mpira wake ulikuwa umepasuka nusu duara, mkavu kama ganda la mhogo.

"Huu hapa unaovuja," akasema.

Mambrui tulifika bibi harusi ameshatolewa nje. Mama mkwe hakusema neno njia nzima, ila alifungua dirisha tangu daraja la Sabaki.

Nikanunua mfuniko mpya. Taa haikuzima siku ile. Kompyuta hutaka safari kadhaa ijipime upya ndipo iridhike. Siku ya tano ikazima yenyewe, na mwanangu akaenda kutangaza mtaa mzima.

Jana alfajiri nimegongewa mlango. Mzee jirani, na tuktuk yake ameisukuma mwenyewe kutoka kwake.

"Hii inakohoa," akanong'ona. "Ubani nimekuja nao."