Kabla ya Kununua Mashine ya Juisi, Hesabu Ndoo Zako za Maji

Wiki iliyopita mdogo wangu aliyeko Singida alinipigia simu usiku. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alikuwa amemtumia picha nne za mashine za kukamulia juisi, na hela alikuwa nayo mkononi. "Dada, nichukue ya wati ngapi?" Karibu kila anayeniuliza habari za juisi huanzia hapo, na mimi nilianzia hapohapo miaka mitatu iliyopita. Nilimrudishia swali: kwenu maji yanatoka siku ngapi kwa wiki?

Sikuwa namzungusha. Kwa nyumba nyingi za Dodoma na mikoa hii ya kati, mashine ya juisi haiwekwi kabatini kwa sababu imeshindwa kukamua. Inawekwa kwa sababu imeshindikana kuoshwa.

Yangu ya kwanza ilikuwa ile ya kasi, na nilitoa shilingi 95,000. Juisi ya karoti na tangawizi ilikuwa tayari ndani ya dakika tatu, nami nikafurahi kweli. Kisha nikafungua vipande: mfuniko, kisukumio, kikapu cha wavu, bakuli, chombo cha makapi, jagi. Shida yote iko kwenye wavu. Nyuzi za tangawizi hujipenyeza kwenye yale matundu madogo, zikalala humo kama nywele kwenye kitana. Ukisugua kwa sponji unazidi kuzizamisha. Kinachozitoa ni brashi ngumu, ukisugua kutoka nje kuelekea ndani, huku maji yakitiririka juu yake. Sasa siku za mgao maji ya kutiririka utayatoa wapi? Una kata na ndoo. Siku moja niliamua kupima: lita 10 za maji kuosha mashine iliyotoa glasi tatu. Ukisema uiache kwanza ule chakula, karoti inakaukia kwenye wavu na kushika kama rangi ya ukutani. Wiki ya tano mashine ikapanda juu ya kabati, na huko ilikaa.

Hizi mashine za nyumbani ziko za aina mbili kuu, na ni vizuri mtu ajue zinavyofanya kazi kabla hajaambiwa ipi ni nzuri.

Ile ya kasi ina sahani yenye meno inayokwangua tunda, na kikapu kinachozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika. Juisi inarushwa nje kupitia wavu, kama mashine ya kufulia inavyokamua nguo. Kwa karoti, tango, tufaha na nanasi inakwenda vizuri, na kwa mtu anayewahi kazini asubuhi ni ya haraka. Lakini inapiga kelele, inatoa povu jingi, na juisi yake hujitenga upesi, maji chini na povu juu. Ukiiwekea majani kama mchicha, unapata matone tu. Majani mengi yanatoka upande wa makapi yakiwa bado yamelowa.

Ile ya polepole haikwangui. Ina skrubu nene inayozunguka taratibu, kwa nyingi mizunguko 40 hadi 100 hivi kwa dakika, na inalisaga tunda huku ikilibana ukutani, kama vile mama anavyobana nazi kwenye kifumbu mpaka tui la mwisho litoke. Makapi yake ukiyafinya mkononi ni makavu. Majani inayaweza, tangawizi inaimaliza kabisa. Ubaya wake ni bei, na kwamba nyingi zina mdomo mwembamba, kwa hiyo utakaa na kisu ukikatakata vipande vidogo. Ukiisukuma kwa pupa inakwama.

Turudi kwenye wati, maana wauzaji wanazitangaza kana kwamba ni sifa ya juisi. Mashine za kasi nyingi huwa kati ya wati 400 na 1,000. Za polepole mara nyingi wati 150 hadi 250. Ya polepole haihitaji wati nyingi kwa sababu gia zake ndizo zinazogeuza mwendo kuwa nguvu. Na kama hofu yako ni umeme wa LUKU kuisha, piga hesabu: wati 800 kwa dakika 5 ni kama yuniti 0.07, wati 200 kwa dakika 15 ni yuniti 0.05. Friji yako inakula zaidi ya hapo kila siku bila wewe kuisema. Wati zisikunyime usingizi wala zisikupe imani.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani tunalisahau kwa sababu picha za mtandaoni zinatuonesha matunda ya watu wengine. Juisi tunazozimiliki sisi wa huku, zilizo nafuu na tamu kuliko zote, hazihitaji mashine hata kidogo.

Ubuyu, kwa mfano. Sokoni Majengo kuna bibi mmoja wa kutoka Mvumi ambaye nikimwamkia kwa Kigogo, "mbukwenyi," ananiongezea konzi ya bure. Yeye ndiye aliyenikataza kuuchemsha. Anasema ubuyu unaochemshwa sana unapoteza ule ukali wa ulimi, na mimi naongeza kwamba hata vitamini C, ambayo ubuyu umejaaliwa sana, haipendi moto mrefu. Kwa hiyo nachemsha maji yenyewe, nayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, namimina juu ya ubuyu wenye mbegu zake na kukoroga kwa mwiko mpaka mbegu zinavuliwa na kubaki nyeusi. Kisha chujio. Basi. Ukwaju nao unalowekwa, unafikichwa kwa mkono uliooshwa vizuri, unachujwa.

Zabibu ndiyo fahari ya Dodoma, na bahati yetu ni kwamba mzabibu wa huku unavunwa mara mbili kwa mwaka. Watu wanaitupa kwenye blenda nzima nzima, halafu wanashangaa juisi ina uchungu. Uchungu ni wa mbegu zilizosagika. Ziponde kwa mkono ndani ya sufuria, tia moto mdogo kwa dakika chache ganda litoe rangi, kisha chuja kwa kitambaa cheupe safi bila kukikamua kwa nguvu. Ikipoa iingie kwenye friji mara moja. Juisi ya zabibu mbichi ukiiacha mezani kwa joto letu itaanza kuchacha yenyewe, kwa sababu chachu inaishi kwenye ganda la zabibu.

Ndizi, parachichi, papai na embe lililoiva vizuri ni kazi ya blenda. Nyama yake ni laini mno; kwenye mashine ya kukamulia inaziba wavu tu. Machungwa ya Muheza yakishushwa huku, kikamulio cha mkono kinatosha kwa familia ya watu wanne. Na muwa, tafadhali, usiuweke kamwe kwenye mashine ya nyumbani. Zile za barabarani zina magurudumu ya chuma kwa sababu maalumu; yako itavunjika skrubu.

Kwa hiyo mashine yenyewe inabakiwa na karoti, bitiruti, tango, nanasi, tufaha, tangawizi na majani. Kama nyumbani kwako hivyo vinanyweka mara tatu kwa wiki, nunua. Kama unavinywa mara moja kwa mwezi akija mgeni, hela yako ina kazi nyingine.

Ushauri wangu ni kuanza na blenda ambayo huenda tayari unayo. Kata karoti vipande vidogo, weka maji kidogo sana, saga, chuja kwa kitambaa. Fanya hivyo mwezi mzima. Kuosha blenda ni kumimina maji na tone la sabuni, kuiwasha sekunde kumi, kusuuza. Mwisho wa mwezi utajua kama wewe ni mnywaji wa juisi au ulipenda picha. Mimi nilipofika huko ndipo nikanunua ya polepole, na hiyo naitumia mpaka leo kwa sababu wavu wake unaoshwa kwa maji yasiyozidi lita 3, mradi niuoshe palepale.

Ukifika dukani, usikubali kuoneshwa mashine ikiwa ndani ya boksi. Mwambie muuzaji aifungue yote, uhesabu vipande, uguse wavu, uulize kama brashi yake imo. Uliza spea: ule mpira wa chini unaozuia juisi kuvuja ukichakaa, unapatikana? Wavu je? Kama hana jibu, ujue unanunua kitu cha msimu mmoja. Angalia kibandiko cha chini: umeme wetu ni volti 230, na mashine ambayo shangazi amekuletea kutoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120, itaungua siku ya kwanza ukiichomeka hivihivi. Kibandiko hichohicho au kitabu chake husema pia iendeshwe dakika ngapi kabla ya kupumzishwa. Watu wengi huipita hiyo, kisha wanasema mota ilikuwa mbovu.

Kuhusu afya nitasema wazi, maana hapa naona watu wanadanganywa. Juisi haisafishi ini. Haitoi sumu mwilini. Ini na figo ndivyo vinavyofanya kazi hiyo, na glasi ya bitiruti haivisaidii kwa namna inayotangazwa kwenye yale matangazo ya "siku saba." Bitiruti itakachofanya kwa baadhi ya watu ni kubadili rangi ya mkojo kuwa nyekundu, na nimeshampigia simu jirani aliyekuwa ameanza kulia akidhani ni damu.

Tena ukikamua tunda umeacha nyuzinyuzi kwenye makapi na kubeba sukari. Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari iliyo kwenye juisi, hata isiyoongezwa kitu, kwenye kundi moja na sukari ya kuongeza tunayoshauriwa kuipunguza. Chungwa moja unalikula na kutosheka. Kwenye glasi yanaingia matatu au manne na unameza kwa dakika moja. Baba mkwe wangu ana kisukari, na kwa heshima zote ilinibidi kumwambia kwamba glasi kubwa ya machungwa kila asubuhi haikuwa dawa. Daktari wake alisema hivyohivyo. Siku hizi anakula chungwa lake na kambakamba zake. Uingereza wanashauri mtu mzima asizidishe mililita 150 za juisi kwa siku, yaani glasi ndogo, na mimi nimeshika kipimo hicho kwa nyumba nzima. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri mwaka 2017 kwamba mtoto asipewe juisi kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Ukimkuta mama anamnywesha mtoto mchanga juisi ya karoti "aongeze damu," kaa naye taratibu, umweleze.

Kwa mtu anayeanza, mchanganyiko wa kwanza ninaoupenda ni karoti nne za wastani, nusu tango, kipande cha tangawizi kama kidole gumba, na limau lisilo na ganda. Tango linapunguza utamu na kuongeza maji. Limau linazuia karoti isichushe. Osha kila kitu kwa maji safi kabla hujakata, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa nje kuupeleka ndani. Kunywa siku hiyohiyo.

Mdogo wangu aliponyamaza nilidhani simu imekatika. Kumbe alikuwa anahesabu. Akasema kwao maji ni Jumanne na Ijumaa, tena ya kuchota kwenye simtanki la baba mwenye nyumba. Hakununua. Jumamosi alinitumia picha ya blenda yake ya zamani, kitambaa kimetundikwa kwenye kamba, na pembeni bakuli la unga wa mandazi, umechanganywa na makapi ya karoti mpaka umekuwa wa rangi ya chungwa. Ameniuliza aongeze iliki kiasi gani.