Mshenga Mwenye Meno Meusi

Posa ya mdogo wangu ilikuwa inakwenda Hombolo, Dodoma, kwa wakulima wa zabibu. Watu wanaovuna mara mbili kwa mwaka huwezi kuwapelekea soda. Kijana akaandika kabisa kwenye barua: tunakuja na chupa mbili za waini nyekundu. Kisha akaniambia, "Kaka, wewe ndiye mshenga. Wakikuuliza inaendana na chakula gani utajibu nini?"

Basi mchana wa siku yenyewe tukafungua moja ili nijue la kujibu. Kizibuo hakikuwepo, tukasukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko. Waini ikaruka hadi darini. Nikakagua shati langu jeupe mbele na nyuma: halina hata tone. Mungu mkubwa.

Ilikuwa ya zabibu za Makutupora, kavu, nzito, nyeusi kiasi kwamba niliinua glasi dirishani na sikuona mwanga upande wa pili. Sisi tuliozoea waini tamu ya kipaimara tunatakiwa tuonywe. Funda la kwanza lilinikausha ulimi kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Ni tanini hiyo, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na ikikosa kitu cha kushika inashika mate yako.

Tukaipa dagaa. Mdomo mzima ukawa ladha ya chuma. Tukaipa mlenda, mlenda ukateleza ukaenda zake, waini ikabaki inanikwaruza peke yangu. Kachumbari ya pilipili mbuzi ndiyo usiombe: pilipili ikapamba moto, kilevi kikachochea, nikalia machozi mbele ya mdogo wangu.

Halafu zikaja mbavu za mbuzi za kuchoma, zenye mafuta yake na chumvi kidogo. Jamani! Ile tanini ikaacha ugomvi na mate yangu, ikahamia kwenye nyama na mafuta, na waini ileile ikawa laini, inanukia matunda. Nikaona nihakikishe. Nikahakikisha tena. Wataalamu huonja na kutema, lakini mimi nimelelewa kwamba cha watu hakitemwi.

Nikavaa suti. Kioo cha mdogo wangu kimevunjika nusu ya juu, kinaonyesha tai tu, na tai ilikaa vizuri.

Hombolo wazee walikuwa wamejipanga ukumbini. "Mbukwenyi!" nikawasalimu, nikatabasamu meno yote. Hakuna aliyeitikia. Shangazi mmoja akajiziba mdomo kwa kanga. Nikadhani ni heshima, nikaendelea: ukoo wetu ni safi, hauna doa, mnavyoniona mimi ndivyo tulivyo wote. Kitoto kikauliza kwa sauti, "Bibi, mgeni amekunywa wino?" Kikafinywa, kikalia, na ukumbi mzima ukaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mzee mwenye nyumba akainuka, akavaa miwani, akanisogelea.

"Mwanangu mshenga, hebu fungua mdomo."

Nikafungua. Akachungulia kama mnunuzi mnadani.

"Makutupora," akatangaza. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. "Umeinywea na nini?"

"Mbavu za mbuzi, mzee wangu."

"Hapo sawa. Na kabla ya mbuzi?"

Kumdanganya mkwe siku ya posa ni mkosi. "Dagaa, mzee."

Akafumba macho. "Dagaa!" akawaambia wenzake, taratibu, kama anatoa taarifa ya msiba. "Andikeni faini."

Ya meno nilisamehewa. Ya dagaa ilikuwa mbuzi mmoja, tena aliyenona. Binti akaulizwa kama barua ipokelewe, akasema ipokelewe, vigelegele vikapigwa, nami nikakabidhi zawadi. Mzee akaipokea chupa kwa mikono miwili, akarudi kwenye barua, akaisoma mstari kwa mstari.

"Hapa pameandikwa chupa mbili. Naona moja. Ya pili iko wapi?"

Nikatabasamu.