Ng'ombe Kumi na Shati Langu Jeupe

Ukoo wetu haukunichagua kuwa katibu wa posa kwa sababu ya busara. Busara anayo baba mdogo, sauti anayo mjomba. Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya peni.

Pale Uyole, Mbeya, ninapofanya ukarani wa ghala la viazi, kila mtu anajua kwamba sinunui peni, nanunua mirija ya wino. Ganda ninalo moja la chuma, limeshachubuka rangi, ila tumbo lake hubadilishwa kila mara. Wauza stesheneri wa Mwanjelwa wakiniona natokea huanza kuficha maboksi, maana sitoi hela kabla sijachora nane nyingi mfululizo kwenye kadibodi yao huku nimeinamisha sikio. Mrija mbovu unasikika. Gololi ikikwama, karatasi inalia.

Nina sababu zangu. Risiti za ghala ni za kabonikopi, na juu ya kaboni lazima ukandamize. Peni ya jeli inateleza mpaka unatamani kumwandikia barua mtu usiyemjua, lakini haitaki kukandamizwa. Mrija wa wino mzito wa mafuta unachosha vidole, ila nakala ya chini kabisa inasomeka na mkulima hawezi kuja kesho kudai gunia ambalo hakulileta. Halafu ipo aina ya katikati, wino wa mafuta uliofanywa mwepesi. Huo ndio niliokuwa nimeuoa wakati ule. Laini kama jeli, kaboni inakubali, unakauka upesi. Niliusifia nyumbani hadi mama akauliza kama una dada yake.

Basi mdogo wangu akapata mchumba, binti wa Kinyakyusa, kwao juu kidogo ya Tukuyu. Tukapanda Noah mwezi wa saba, kipupwe kimekaza, ukungu wa Isongole umelala barabarani, dereva anachungulia njia kupitia kioo alichokifuta kwa kiganja. Kwenye mfuko wa shati langu jeupe nilikuwa na peni za aina zote tatu. Mjomba aliziangalia akasema, "Tunakwenda kuoa au kufungua shule?"

Wakwe walitupokea vizuri. Chai ya Rungwe, mbalaga, yaani ndizi za kupika, yenye nyama, moto wa kuni katikati ya jiko la nje ambako wazee walikuwa wamejisogeza. Maneno yakazungumzwa, yakazungushwa, yakarudishwa yalikotoka. Mwisho pande zote zikakubali ng'ombe 10, wengine wakiwa hai na wengine wakiwa fedha. Mshenga akanigeukia. "Karani, andika."

Nikaanza na mrija mzito, ule wa kazi, kwa sababu hati ya mahari si kitu cha kuchezea. Nikaandika "Leo tarehe". Kwenye karatasi hakukuwa na leo wala tarehe, kulikuwa na mikwaruzo tu. Wino ulikuwa umeganda kwa baridi.

Sijui kama kuna jambo duniani linalotoa wataalamu wengi kuliko peni iliyogoma. Mmoja alisema ipuliziwe pumzi ya moto. Mwingine akasema isugue kwenye soli ya kiatu. Kijana mmoja akaja na kibiriti, nikamzuia. Nikaiviringisha peni katikati ya viganja, na kwa kuwa watu walikuwa kimya wakiningoja, nikaona niwaelimishe. Nikawaambia huu wino ni mzito kwa makusudi. Bwana mmoja wa Hungaria, László Bíró, mwandishi wa habari, aliona wino wa mitambo ya magazeti unakauka haraka, ila haukuweza kutiririka kwenye peni za nibu. Ndipo akatega gololi mdomoni mwa mrija, inazunguka, inauburuta wino wenyewe. Akapata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, Uingereza mwaka 1938, kisha akahamia Argentina.

"Huyo bwana," akauliza mjomba, "aliwahi kufika Tukuyu mwezi wa saba?"

Nikasema sidhani.

"Basi usituletee habari zake. Badili peni."

Nikashika ya jeli. Ilikwenda vizuri mno. Herufi zilijipanga zenyewe, mpaka mzee mmoja wa upande wao akasogea kutazama na kusema "ndaga fijo", yaani asante sana, akidhani nimemwandikia yeye. Nikafika kwenye majina ya mashahidi. Hapo ndipo baba mdogo, kwa kunogewa na mwandiko, alipoinama na kikombe chake cha chai. Wino wa jeli ni wa maji. Tone moja likatua juu ya mashahidi, na mashahidi wote wakaondoka pamoja kuelekea pembeni mwa karatasi.

Karatasi ya pili, basi, na mpenzi wangu wa aina ya katikati. Nikaandika kwa madaha. Sikuona kwamba karatasi hiyo ilikuwa imepitia mkononi mwa mtu aliyetoka kula mbalaga. Gololi huzunguka na kutoa wino kwa kusuguana na karatasi. Ikikuta mafuta inateleza bila kuzunguka, wino hautoki. Na mafuta yale, katika karatasi nzima, yalikuwa yamechagua kukaa mahali pamoja tu.

Mshenga akaichukua hati, akaiweka mbali na macho yake kama wafanyavyo watu waliosahau miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Mahari iliyokubaliwa ni ng'ombe... mmoja."

Kukawa na ukimya, kuni tu zikilia. Kisha shangazi wa binti akasimama. Mama yule ni mnene, mtaratibu, na hajawahi kuinua sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. "Wakwe zetu," akasema, "mmoja huyo ni wa mkono gani wa binti yetu? Wa kulia au wa kushoto?"

Nikaruka. Nikaeleza habari ya sifuri, habari ya mafuta, habari ya gololi. Nikaigeuza karatasi kwenye mwanga ili waone alama ya duara iliyokandamizwa bila wino. Shangazi akaipapasa kwa kidole kama mtu anayechagua kitenge. "Sifuri naiona," akasema. "Ila ng'ombe wa kupapasa sijawahi kumkamua." Ikabidi niandike "kumi" kwa herufi, pembeni, na pande zote zikatikisa kichwa.

Ikabaki sahihi. Ya kwanza ilikuwa ya babu wa binti, naye alikuwa amelala ndani, mgongo umemkamata. Nikapelekwa chumbani. Babu hakukubali kuinuliwa. Alishika karatasi juu ya uso wake, ameegemeza kwenye sahani, akaanza kuandika akiwa chali. Herufi ya kwanza ilitoka. Ya pili ikawa ya mashaka. Ya tatu haikutokea kabisa.

Hapo mtu asilaumu mrija. Peni ikielekea juu, wino unashuka kuelekea mkiani na gololi inabaki inazunguka kavu. Marekani kulikuwa na Paul Fisher aliyetengeneza mrija wenye gesi ya naitrojeni inayosukuma wino, na peni hizo zikapanda angani na Apollo 7 mwaka 1968. Nilimweleza babu hivyo, kwa heshima. Babu akanitazama kwa muda. "Kwa hiyo," akasema, "ningekuwa mwezini mngenipatia peni."

Sikumsahihisha kwamba Apollo 7 haikufika mwezini, iliizunguka dunia tu. Kuna mambo karani hubaki nayo.

Mjomba alikuwa mlangoni, uvumilivu umemwishia. Alininyang'anya peni, akafungua ganda, akauchomoa mrija na kuuweka mkia wake mdomoni, akaupuliza kama tulivyofanya sote darasa la tatu. Darasa la tatu, lakini, tulikuwa na mashavu ya darasa la tatu, na mirija ya wino mzito. Mjomba anapuliza tarumbeta kanisani. Nilisikia "fyu" ndogo. Akaujaribu kwenye kiganja, ukaandika. "Umeona?" akasema. Akaurudisha ndani, akanichomekea peni mfukoni, kichwa chini.

Tukatoka nje tupange upya suala la babu. Baridi ilikuwa inauma, nami nikasogea karibu na moto kuliko mtu yeyote. Wino uliofanywa mwepesi ukipata joto unakuwa mwepesi zaidi, na gololi iliyolegezwa na pumzi ya tarumbeta haina tena uwezo wa kuuzuia. Mimi sikuhisi kitu. Niliona tu wakwe wanaacha kuzungumza, mmoja baada ya mwingine, macho yote kwenye moyo wangu.

"Karani," akasema mshenga kwa upole, "umechomwa kisu?"

Nikaangalia chini. Mfuko mzima ulikuwa wa buluu, doa linashuka kuelekea mkanda. Peni zote tatu zilikuwa zimekufa: moja kwa baridi, moja kwa maji, moja kwa mjomba. Ya jeli ilikuwa imezama humo humo na hakuna aliyetaka kuigusa.

Shangazi ndiye aliyesogea. Akanikamata shati kwa vidole viwili, akaligusa doa kwa dole gumba, akaligandamiza dole kwenye karatasi, mbele ya jina lake. Alama ikatoka safi, mistari yote. Akalitazama, akaridhika. "Huu unaandika," akasema.

Hapo wazee wakapanga foleni. Mmoja mmoja walinijia, wakanigusa kifuani kwa dole gumba, wakaenda kwenye karatasi. Wengine walirudi mara ya pili kwa sababu dole la kwanza lilikuwa hafifu. Mjomba alikandamiza kwa nguvu hadi nikapiga hatua nyuma. Mwisho nikapelekwa tena chumbani, nikainama juu ya kitanda, na babu akiwa chali akanyoosha mkono na kunigusa moyoni bila shida yoyote. Kwa dole gumba hakuna juu wala chini.

Tulipoanza kuaga, nikaomba maji nifue shati kabla wino haujakauka. Shangazi akakataa. Alisema madole yote yaliyo kwenye hati yametoka kwenye shati lile, kwa hiyo shati ni sehemu ya hati, na hati itakaa kwao mpaka ng'ombe wa mwisho atakapofika. Nilimtazama mshenga anitetee. Mshenga akasema hoja ya mama ina uzito.

Nikarudi Uyole ndani ya Noah nimevaa sweta la shule la mtoto wao wa kidato cha pili, mikono inaishia kwenye viwiko, mjomba akiuliza kila baada ya kona kama sasa nimeifungua ile shule. Harusi imeshafanyika, mtoto wa kwanza ameanza kutambaa. Ng'ombe wawili bado hatujawapeleka. Shati nasikia limetundikwa sebuleni, na kila ninapokutana na shangazi, haniulizi habari za kazi wala za nyumbani. Ananiuliza kola namba ngapi.