Madoa ya Mirihi: alama za uhai au kemia tu?

Tangu Septemba 2025 habari za jiwe moja la sayari ya Mirihi zimekuwa zikizunguka kwenye simu zetu hapa Uganda, na kila mtu ana lake. Kuna wanaoapa kwamba Wamarekani wamekwisha kupata viumbe huko na wanaficha. Kuna wanaosema ni hadithi za kuombea fedha. Ubishi huo unaliacha nyuma jiwe lenyewe, na jiwe ndilo lenye maneno.

Roboti ya NASA, shirika la anga la Marekani, iitwayo Perseverance ilitua Februari 2021 ndani ya kreta ya Jezero, shimo la mviringo lenye upana wa kilomita 45 hivi. Zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita shimo hilo lilikuwa ziwa, na mto uliomwaga maji humo uliacha delta ambayo bado inaonekana kwenye picha. Julai 2024, katika bonde la mto huo, roboti ilikuta jiwe la matope ya kale yaliyogandamana, lenye urefu wa karibu mita moja. Wakaliita Cheyava Falls. Lina madoa yaliyopauka yenye ukingo mweusi, ndiyo maana watafiti waliyaita madoa ya chui. Roboti ilitoboa, ikachukua kipande chembamba na kukifunga ndani ya mrija wa titani. Mwaka mmoja baadaye Joel Hurowitz na wenzake wakachapisha matokeo katika jarida la Nature: ndani ya jiwe kuna kaboni ya aina ya ogania (kaboni ya namna inayojenga miili ya viumbe), na kwenye madoa kuna dalili za madini mawili, vivianiti (chuma kikiwa na fosfati) na greigiti (chuma kikiwa na salfa). Wakatumia maneno ya tahadhari: alama inayoweza kuwa ya uhai.

Kwa nini madini hayo mawili yawatie watu joto? Jibu unaweza kulikanyaga. Ingia kwenye kinamasi chochote cha mafunjo kandokando ya Ziwa Kyoga, uzamishe mguu, kisha uunyanyue polepole. Tope linatoka jeusi tii, mapovu yanapanda, na harufu ya yai viza inakufikia kabla hujasimama wima. Weusi ule ni chuma kilichoungana na salfa. Majani yanayooza yamemaliza oksijeni yote chini, kwa hiyo bakteria wa humo wanatumia chuma na salfati (salfa iliyoungana na oksijeni) mahali pa oksijeni ili waishi, na mabaki ya kazi yao ndiyo hayo unayoyaona na kuyanusa. Vivianiti nayo hupatikana katika matope ya namna hiyo, penye mabaki ya mimea na wanyama. Maji, tope, kaboni, chuma na salfa: vitu vilivyokutana Jezero ni vilevile vinavyokutana kwenye kinamasi, na hapa kwetu wanaovikutanisha ni viumbe hai.

Hapo ndipo upande wa kwanza, wa wanaosema ni uhai, unaposimama, na umesimama vizuri. Lakini upande wa pili, wa wanaosema ni kemia tu, una hoja nzito, tena hoja hizo zimo ndani ya makala yaleyale ya Nature. Tuanze na chuma. Kaboni ya ogania inaweza kubadilisha chuma yenyewe, kwenye maji baridi, bila bakteria hata mmoja, na maabara zimeonyesha hivyo. Kwa hiyo vivianiti peke yake haithibitishi kitu. Kaboni nayo si ushahidi wa uhai. Vimondo huileta, na roboti nyingine, Curiosity, iliyotua kreta ya Gale mwaka 2012, imeipata huko pia, kwenye matope ya ziwa jingine la kale.

Salfa ndiyo ngumu. Kuigeuza salfati kuwa salfidi (salfa isiyo na oksijeni, kama ile iliyoungana na chuma kwenye greigiti) bila viumbe kunahitaji joto kali, nyuzi za Selsiasi 150 hadi 200 hivi au zaidi. Miamba ya eneo lile haionyeshi dalili za kupikwa namna hiyo. Ni tope lililotulia, likakauka, likawa jiwe. Mimi naona kesi nzima imelalia hapa. Anayesema ni kemia tupu anadaiwa atuonyeshe joto lilikotoka, au atuonyeshe kwamba gesi yenye salfa ilipanda kutoka kwenye miamba ya moto chini na kuingia kwenye tope baridi. Njia hiyo ya pili inawezekana. Haijaonyeshwa, lakini haijafungwa. Tena tukumbuke kwamba vifaa vya roboti havikuiona greigiti moja kwa moja: vimepima kiasi cha chuma na salfa katika nukta ndogo sana, na watafiti wakalisoma jina la madini kutokana na uwiano huo.

Tahadhari hii ina historia. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilitua Mirihi na kuupa udongo chakula ili kuona kama kuna kitakachokila. Jaribio moja lilitoa jibu lililofanana na la viumbe hai, na Gilbert Levin aliyelibuni aliamini hivyo hadi alipofariki mwaka 2021. Wengi walimkataa kwa sababu kifaa kingine kilitafuta ogania kwenye udongo huohuo kikakosa. Halafu mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikakuta kwenye udongo wa Mirihi chumvi za perikloreti, ambazo zikipashwa moto huiunguza ogania, na kifaa kile cha Viking kilikuwa kinapasha moto. Basi hata sababu ya kukataa ikatiwa shaka, na suala la Viking likabaki bila mshindi.

Kisha kuna kimondo ALH84001, kilichookotwa Antaktika mwaka 1984, kipande cha Mirihi chenye umri wa miaka bilioni 4 hivi. Agosti 1996 David McKay na wenzake walitangaza kwamba kina dalili za bakteria wa kale, na Rais Bill Clinton akasimama mbele ya kamera kulizungumzia. Hoja zao zikajibiwa moja baada ya nyingine. Mwaka 2022 uchunguzi ulioongozwa na Andrew Steele ulionyesha kwamba ogania ya jiwe hilo inaelezeka kwa maji kukutana na mwamba tu. Ubishi ulichukua zaidi ya miaka 25, lakini angalau jiwe lilikuwa mezani, watu walilikata na kulipima upya kila kifaa kipya kilipotoka.

Sisi watu wa Uganda tunalijua jambo hili kwa karibu kuliko tunavyojipa sifa. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe kutoka angani iliangukia Mbale, mji wa mashariki mwa nchi yetu. Kipande kidogo cha gramu chache kilipiga majani ya mgomba, kikapungua kasi, kikamgonga mtoto kichwani bila kumdhuru. Mawe yaliyookotwa yalifika kilo 150 hivi, na vipimo vilionyesha kwamba hayakutoka Mirihi. Ni kimondo cha kawaida. Lakini kimondo cha Zagami, kilichoanguka Nigeria mwaka 1962 karibu kabisa na mkulima aliyekuwa shambani, ni cha Mirihi kweli. Gesi iliyonaswa ndani yake inalingana na hewa ambayo Viking iliipima huko. Roboti ilipima hewa, jiwe likatambuliwa duniani.

Jiwe la Jezero nalo linahitaji kupimwa hapa duniani. Bakteria wanaotumia salfa hupendelea atomi zake nyepesi kuliko nzito, na tofauti hiyo inaweza kubaki kwenye madini kwa mabilioni ya miaka. Kuipima ndani ya doa lenye upana wa milimita moja kunahitaji mashine zinazojaza chumba, ambazo hakuna roboti inayoweza kuzibeba. Na mrija wenyewe bado uko kule, ndani ya Perseverance.

Hapa ndipo wanaolalamikia gharama wanapopata sauti, na siwezi kuwapuuza. Mwaka 2024 NASA yenyewe ilikiri kwamba mpango wa kuyaleta mawe ungeweza kufika dola bilioni 11 na mawe yasifike kabla ya 2040. Bajeti nzima ya Uganda ya mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 72 hivi. Bilioni 11 za dola zinazidi nusu yake. Mtu wa Karamoja, eneo letu kame la kaskazini mashariki, anayetembea mwendo mrefu kutafuta maji ana haki ya kuuliza swali. Ila fedha hizo hazikuwa zinakuja Karamoja. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza kuuzima mpango huo, na sijaona aliyeahidi kisima badala yake. China inajiandaa kurusha chombo chake, Tianwen-3, mwaka 2028 hivi, kikachukue udongo wa Mirihi na kuurudisha, lakini hakiendi kuchukua mrija wa Jezero.

Nikiulizwa naegemea wapi, nasema hivi: kwa ushahidi uliopo, maelezo ya uhai ndiyo yanayoielezea salfa ile kwa urahisi zaidi, na bado sijasadiki, maana miamba ya Mirihi imewahi kutushinda mara mbili. Kipimo cha salfa kikionyesha atomi nyepesi zimezidi kwa kiwango tunachokiona kwenye matope yetu, nitasadiki. Kikionyesha zimechanganyika kawaida, nitalihesabu jiwe hilo pamoja na lile la Antaktika. Wanaotangaza leo kwamba uhai umepatikana, na wanaocheka kwamba hakuna kitu, wote wanatoa hukumu kabla ya kipimo hicho kufanyika. Na gharama ya kukifanya inajulikana.