Kabla hamjaiamini ile video ya sinia

Najua mmeshaiona, ile ya mimi napindua sufuria ya wali kwenye sinia. Tangu jana jioni simu haijatulia. Binamu yangu wa Songea, ambaye tangu Pasaka hajanijulia hali, kanitumia neno moja tu: "Zege?" Basi niacheni niseme mwenyewe, maana jirani yangu aliyerekodi ameongeza chumvi ambayo hata kwenye wali wenyewe haikuwemo. (Ndiyo, chumvi nayo nilisahau.)

Shangazi kaja Dar kutoka Kyela na kiroba cha mchele, kilo 10, wa msimu huu, ule ambao ukifungua mfuko tu nyumba nzima inanukia. Mimi na kiherehere changu: "Shangazi, wewe kaa, leo unapikiwa." Akanitazama. "Baba, utaweza?" Jamani, mtu nina miaka 6 ya geto, wali nao wa kuulizwa?

Kiburi changu kilitegemea pingili. Unaosha mchele, unasimamisha kidole juu yake, maji yakifika pingili ya kwanza umemaliza. Kanuni hiyo imenilea. Ila imenilea kwenye kisufuria changu kidogo, na mchele wa dukani uliokaa stoo mpaka umekauka kama kokoto. Jana niliazima sufuria pana ya jirani, mchele ukatandazika chini kama mkeka, kidole kikabaki kilekile. Ikawa mchele kiganja, maji bwawa. Na mchele mpya bado una unyevu wa shambani, hautaki maji mengi. Hayo nilielezwa baadaye, kwa upole ulioniuma kuliko matusi.

Halafu nikamimina tui. Nazi 2, nimezikuna mwenyewe, nimekalia mbuzi mpaka mgongo ukalia. Lakini tui sikulihesabu kwenye maji. Kichwani mwangu tui lilikuwa upande wa mafuta. Wewe unayecheka, nenda kamuulize mama yako kwanza.

Dakika 20, sufuria bado inarusha mapovu. Kumwaga maji siwezi, tui langu limo humo. Nikafungulia gesi mpaka mwisho yakauke haraka. Chini kukaanza kunukia kuungua, nikashika mwiko, nikakoroga. Nikakoroga tena. Ukaanza kuwa mzito, na mkono uliozoea ugali ukikutana na kitu kizito unajua kazi moja tu.

Niliusonga. Haya, nimesema. Niliusonga wali.

Sebuleni Shangazi alikuwa ameshanawa. Nilikuwa nimepanga kuupindulia kwenye sinia mbele yake, kwa mbwembwe, uanguke umechambuka punje moja moja. Jirani akauliza, "Nirekodi?" Nikasema rekodi. Kwa mdomo wangu huu, wadau. Hakuniibia mtu.

Nikapindua. Kimya. Nikagonga kitako cha sufuria kwa mwiko, ko, ko. Kimya. Nikatikisa. Ndani nikasikia kitu kinaachia taratibu, kama mtu anayechomoa gambuti kwenye tope. Nikainua sufuria, na wali ukabaki umesimama. Mzima. Umbo la sufuria kabisa, ubavuni laini kama umepigwa lipu, juu umevaa ukoko mweusi kama kofia.

Kuna sekunde moja hapo nilidhani nimepona.

Kisha kofia ikaanza kuteleza. Polepole, kuelekea upande wa Shangazi. Ubavu wa chini ukatuna, ukapasuka, na uji mweupe ukachungulia, bado unatokota, pu, pu. Ukatambaa mpaka ukingo wa sinia. Pale ukasimama, kama unatafuta namba ya nyumba. Halafu ukashuka kwenye kitambaa cha meza. Kitambaa cheupe, cha kufuma, alichonifumia Shangazi mwenyewe. Kofia ikamalizia safari mbele ya sahani yake: ko.

Shangazi akautazama. Akanitazama mimi. Hakucheka hata kidogo.

"Baba, mgonjwa ni nani?"

Kuanzia hapo video inatikisika. Si tetemeko, ni jirani kakaa chini.

Tulikula. Kwa vijiko, na maharage. Ile habari kwamba mtoto wa mwenye nyumba aliomba kipande akazibe ufa ni uzushi mtupu. Mtoto aliomba ukoko, na alipewa. Kitambaa kimelowekwa. Usiku Shangazi kaniita jikoni, kanipikia kikombe 1 cha mchele uleule nione: maji na tui, vyote kwa pamoja, kikombe 1 na nusu, chumvi humo humo, yakikauka moto unashushwa mpaka mwisho, unafunika, unatoa mkono. Mwiko akauchukua akaenda kuuweka chumbani kwake. Nadhani bado uko huko.

Wali wangu uliobaki hakuutupa. Aliuchanganya na mchele aliouloweka, akausaga pamoja na iliki, sukari na hamira, na leo alfajiri nyumba nzima ilikuwa inanukia vitumbua. Jirani alibisha hodi hata chai haijachemka. Kala 8. Nilimwambia rekodi, akasema simu haina chaji.