Mtoto akizidiwa usiku, tuanze na gari au tuanze na foleni?

Ukiiangalia m-mama kuna swali linakuja lenyewe, kwa nini inaishia siku 28? Kwa asiyeijua, ni ule mfumo wa usafiri wa dharura uliozinduliwa kitaifa Tanzania 2022 baada ya kuanzia kanda ya ziwa. Unapiga 115 bure, anayepokea anauliza dalili, ambulansi ikiwa karibu inatumwa, isipokuwepo anapigiwa dereva wa hukohuko kijijini aliyesajiliwa na gari lake, anambeba mgonjwa, akishamfikisha anatumiwa hela kwenye simu. Wanaobebwa ni wajawazito, waliojifungua mpaka siku 42, na vichanga mpaka siku 28. Mtoto wa miaka miwili anayepata degedege saa nane usiku hayumo, huyo mama yake atahangaika na bodaboda, na boda wa saa nane usiku anataka cash.

Kwa hiyo wanaosema tupanue mfumo ubebe wote chini ya miaka mitano wana hoja, tena nzito kuliko inavyoonekana, maana zahanati haiongezi damu, oksijeni nyingi hazina, na maleria kali ikishamlamba mtoto damu hakuna panadol itakayomsaidia pale. Angalia ishu ya atesuneti, dawa ya maleria kali, ile ya kuweka njia ya haja kubwa kabla mtoto hajapelekwa hospitali. Utafiti uliotoka 2009, uliofanyika Ghana, Tanzania na Bangladesh, ulionyesha kwa watoto walioko mbali, wale wa zaidi ya saa sita kufika hospitali, dawa ile inapunguza vifo na ulemavu wa kudumu karibu nusu, watu wakafurahi, haki yao. Ilipopelekwa kwa wingi Kongo, Uganda na Nigeria kwenye mazingira ya kawaida yasiyo ya utafiti matokeo yakakatisha tamaa, moja ya sababu ikiwa ni kwamba watoto wengi walipewa ile dozi ya kwanza halafu rufaa ikaishia hewani, hawakufika hospitali au hawakumalizia matibabu. Mwaka 2022 WHO ikaziambia nchi zisubiri kwanza kuitanua. Yaani huduma ya kwanza ikikosa safari ya pili inabaki nusu.

Haya, upande wa pili. Gari limemfikisha mtoto hospitali, halafu? Anaungana na foleni. Mama anaambiwa akate kadi, akatafute faili, akae benchi, na mtoto amelala begani kimya kila mtu anajua amesinzia kumbe fahamu zimeshaondoka. Hospitali zetu zina mabango ya kumpisha mzee ahudumiwe kwanza, jambo zuri tu, la mtoto anayehema kwa shida sijawahi kuliona. Na vifo vingi vya watoto hospitalini vinatokea ndani ya saa 24 za kwanza, kwa hiyo hilo benchi linaua.

Malawi walilifanyia kazi hili, pale Queen Elizabeth Central Hospital, Blantyre. Wakapanga upya mapokezi ya watoto, kila anayeingia anaangaliwa palepale, anapumuaje, ana degedege, mikono imekuwa ya baridi, ameishiwa maji, mwenye dalili anavuka foleni nzima. Vifo vya watoto waliolazwa vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18, vikashuka mpaka kati ya 6 na 8. Hawakujenga ghorofa. Na mafunzo ya aina hii yanasema wazi hata mlinzi wa getini, karani na mtu wa usafi wanaweza kufundishwa kumtambua mtoto wa kukimbizwa, kitu ambacho kwetu mlinzi anajua kuuliza tu unaenda kumuona nani.

Wengine watasema basi tumwage vifaa, na kweli zile trilioni 1.3 za UVIKO zilijenga majengo ya dharura sehemu nyingi, siyabezi. Ila vifaa na mbinu za kunakili vina mtego wake. Utafiti mmoja mkubwa wa Kenya, Uganda na Tanzania, watoto 3,141, matokeo yakatoka 2011, ulipima ile dripu ya haraka haraka kwa mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri, kitu ambacho nchi tajiri walikuwa wanakifanya bila kuuliza. Waliopewa walikufa zaidi, kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, wasiopewa 7.3. (Wa kuharisha hawakuwemo humo, huyo maji bado anayahitaji, msije mkachanganya.)

Mi naegemea foleni kwanza, kwa sababu ni rahisi, inaweza kuanza mwezi huu, na bila hiyo tutalipa madereva watuletee watoto wa kufia benchi. Lakini siwezi kusema gari lisubiri miaka kumi, lile somo la atesuneti linanikatalia. Kwa wilaya za mbali, zile za saa nne barabara ya vumbi, ningefungua 115 kwa wote chini ya miaka mitano hata kesho, kwa masharti makali: degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupoteza fahamu, kuhema kwa shida. Bila masharti itakuwa vurugu, watoto wa umri huo wanapata homa kila siku na simu zitamzidi anayepokea mpaka mjamzito anayetoka damu akose laini. Hela ya dereva nayo ikae kwenye bajeti ya halmashauri kabisa, dereva aliyekopwa miezi mitatu simu ya saa nane anaizima.

Na wakipima wasituletee tu idadi ya watoto waliobebwa, watuambie zilipita dakika ngapi kutoka getini mpaka oksijeni, na wangapi walikuwa hai kesho yake.